Mkanda

Daktari alifunua shati langu, akaguna:
"Mkanda wa jeshi."
Nikacheka, na kicheko kikanichoma ubavuni
kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.
Sijawahi kuwa askari, nikamwambia.
Naendesha basi la shule, Winnipeg, kaskazini ya reli.
Akaandika majuma matatu. Usikune. Usitoke.

Nje ilikuwa Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya viatu vya mtu wa posta
kama mtu anayetafuna bisi.
Ndani, mimi na kochi, vifungo wazi,
maana hata pamba ilikuwa adui.

Siku ya nne Pelagia Kostiuk wa ghorofa ya chini
akaleta supu ya bitiruti na boksi:
mikanda ya video kumi na tisa,
kila mmoja na namba kwa mkono wa marehemu mumewe.
"Taras alirekodi kila Alhamisi," akasema.
"Mimi sikuambulia kitu. Lakini wewe, Myron, huna kazi."

Wa kwanza niliutazama kwa dharau.
Milango ya chombo cha angani ilitikisika ikifungwa,
mbao tupu, rangi ya fedha juu.
Sayari ilikuwa machimbo ya kokoto.
Zimwi lilivaa glavu za kuoshea vyombo.
Nikapiga miayo. Nikaweka wa pili.

Kufikia wa tano nilikuwa nagombana na kioo.
Usimfungulie, mpumbavu we, si nduguyo huyo!
Watu arobaini ndani ya chombo kiitwacho Umande
wanarudi kwao, miaka na miaka, wanapanga watalima nini,
na nahodha Ilvane peke yake ndiye aliyepokea habari
kwamba jua la kwao limezimika.
Yeye, na Odrik, karani wa mafuta,
aliyeisikia kwa bahati mbaya akitafuta bisibisi.
Usiku wanakaa kwenye pipa, wanakunywa kitu cha buluu,
hawasemi.
Kidonge kimoja, sehemu moja: ndivyo nilivyopima saa.
Saa tisa za usiku ubavu ukiwaka
nilikuwa na wenzangu macho.

Taras hakupenda matangazo. Aliyakata.
Lakini kidole huchelewa kidogo, na pale kwenye mshono
huchungulia nusu ya neno, kona ya kabati linalouzwa,
mwanamke anayeanza kutabasamu.
Sikuwahi kumjua mtu yule zaidi ya salamu ngazini.
Sasa nilimjua kidole.
Mkanda wa kumi na tatu, kidole kilichelewa tangazo zima.
Wa kumi na sita, matangazo yote yalipita,
matairi, sabuni, matairi tena.
Wa kumi na nane, sehemu iliisha, ikaja taarifa ya habari,
hali ya hewa, wimbo wa taifa,
halafu chenga, saa nzima ya chenga,
na hakuna aliyeamka kuzizima.
Nikazitazama zote. Sijui kwa nini.
Dirishani theluji, kiooni chenga,
na mimi katikati na shati wazi.

Wa kumi na tisa ulikuwa na namba tu.
Nikaupeleka mbele, nikaurudisha nyuma. Mweusi.

Malengelenge yalikauka, yakaacha madoa kama ramani
ya mahali ambapo hakuna mtu anakwenda.
Jumapili, kesho yake nikarudi kazini,
nilishusha boksi ghorofa ya chini.
Pelagia alikuwa anamenya viazi, hakugeuka.
"Iliishaje?"
Nikatazama mgongo wake, kisu, ganda refu likining'inia.
"Walifika," nikasema. "Palikuwa na jua."

Kisu kikasimama.
"Na yule karani," akauliza, "alimwambia nani?"