Kaa la Kifuani

Msimu wa kwanza sikuhisi kitu.
Kaa walishushwa gatini kwa makasha, miguu ikipapasa hewa,
wakaingia tangi la mvuke wakiwa kahawia,
wakatoka wekundu kama mtu aliyezabwa kofi.
Mimi, Loretta Pynn, nilisimama upande wa kuvunja,
nikivunja, nikikung'uta nyama,
nikicheka na Bernice habari za mumewe na kuku zake.
Mvuke ulitanda ukumbi mzima, mtamu, wa chumvi.
Niliuvuta kama anayenusa mchuzi wa jirani.

Kumbe ndani yangu kuna aliyekuwa akiandika.

Daktari Wijesuriya, aliyekuja huku Ghuba ya Leary
kwa mkataba wa miaka miwili
na koti lisiloijua baridi ya Newfoundland,
alinichorea nyuma ya bahasha.
Seli zako zina kumbukumbu, alisema.
Zimeonja chembe ya kaa iliyopanda na mvuke,
zikaipa jina la mwizi,
zikachonga kingamwili kwa umbo lake,
kama fundi achongavyo ufunguo wa kufuli moja tu,
zikazitundika juu ya seli nyingine zilizojaa baruti.
Halafu?
Halafu zikangoja.

Msimu wa kwanza ni wa kuandika.
Wa pili ni wa kusoma.

Jumatatu ya Mei, barafu ingali ikielea mdomoni mwa ghuba,
kaa akainua gando, na kwangu mambo yakakatika.
Macho kwanza. Kisha pua. Kisha
filimbi.
Niligeuka kumtafuta anayepiga filimbi kazini.
Ni mimi.

Askari wangu, niwaambie nini?
Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kitoweo.
Nanyi mkapasua magunia ya baruti ndani ya nyumba,
mkakaza misuli ya vichochoro,
mkavimbisha kuta, mkamwaga ute mlangoni
ili asipite mtu,
na mtu mwenyewe ndiye mimi.

Usiku, saa sita tangu kengele ya kutoka,
hufika kikosi cha pili,
wale wanaogeuka waridi wakitiwa rangi ya maabara,
ambao daktari huwahesabu katika damu yangu na kuguna.
Wamekuja kuzima moto, na ndoo zao zimejaa mafuta.
Nakaa kitandani. Nakaa wima.
Kaa wa baharini, kaa la kifuani,
na kaa! ndiyo amri ya mwili usioweza kulala.

Kikulacho ki nguoni mwako:
Gus hulichukua koti langu barazani kwa koleo la jikoni
kama anayebeba nyoka,
hulitumbukiza kwenye ndoo, hasemi neno.

Zimebaki saa mia moja na kumi na nne za kazi
ili bima inilipe majira ya baridi.
Nimezihesabu kama wengine wahesabuvyo rozari.
Msimamizi anasema chumba cha kufungasha hakina mvuke,
ila nafasi ile ni ya shemeji yake.
Basi narudi kwenye mvuke, na vipulizi viwili mfukoni.
Cha buluu hufungua mlango.
Cha kahawia huzungumza na askari,
taratibu, kila asubuhi,
kama unavyozungumza na mbwa aliyekwisha kung'ata.
Wakati mwingine wananisikia.

Saa zilitimia Julai. Sijarudi tena.

Jumamosi hii kuna karamu ya parokia,
sufuria tatu zachemka, na kila mtu yumo.
Nimesimama nje, karibu na gari.
Bernice ananipungia mkono nyuma ya kioo chenye jasho,
kipande cha gando bado vidoleni,
na kwa ishara ananiuliza kama nataka aniletee keki.

Nataka.

Theluji imeanza. Naivuta ndani, nyembamba, baridi, haina harufu.
Humo kifuani bado hawajaipa jina.
Bado.