Baridi Nzuri ya Salala

Alisema yuko Salala.
Nikaamini, kama mtu anavyoamini maji ya mferejini:
kwa kuwa ana kiu, na mengine hakuna.

Ghaniya, muuguzi, miaka ishirini na tisa.
Na mimi: mhandisi, thelathini na minne,
uso wa mpwa wangu aliyeko Doha.
(Nina hamsini na minane. Natengeneza viyoyozi Mabela.
Suruali yangu ya kazi ikiwa kambani bado imepiga magoti.)

Picha yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Nikasema, vijana wa siku hizi na mapambo yao.

Miezi saba.
Saa anayoamka niliijua kwa kitone cha kijani.
Kikizimika nahesabu: anaoga, anasali, amenichoka.
Juu ya mapaa, Agosti, bisibisi mdomoni,
bati likichoma mpaka unyayoni,
nafungua simu, naifunga, naifungua.
Alama mbili za buluu na jibu hakuna.
Sikuwa najua kuwa buluu inauma.
Harusini kwa binti wa dada yangu nilijifungia chooni
nikimwandikia:

     Usiku hauna kina, nazama bila kuzama
     Simu kifuani nina, hunipa joto la homa
     Uso wako nauona, kidole hakijapima
     Niitikie kwa jina, hata kama si la mama

Akajibu: "Umeninyima usingizi."
Nikaisoma mpaka betri ikafa.

Kisha siku moja sauti yake, sekunde kumi na moja,
anacheka jambo, na nyuma yake adhana ya magharibi.
Lakini Salala jua huchelewa.
Sisi huku tumeshafuturu, wao bado wanalitazama.
Na mwadhini yule alikohoa kabla ya hayya alal-falah.
Kikohozi hicho nakijua. Ni cha msikiti wetu,
nyuma ya duka la kufulia.

Sikumuuliza.
Nilianza kutembea tu.
Kila jioni, mtaa kwa mtaa,
namtumia salamu, nasimama chini ya madirisha ya watu,
nasikiliza mlio utatokea wapi.
Paka wa jalalani walinizoea.

Alhamisi akaomba riali ishirini na tano,
gari limemharibikia, nitume kwa jina la shangazi yake,
Bi Muhsina.
Jumamosi simu ya kazi ikalia:
Bi Muhsina, ghorofa ya pili, kiyoyozi kinavuja.

Alifungua mwenyewe. Mkongojo, miwani, dera la nyumbani,
hina imebaki nchani mwa kucha.
Na ile sauti, haijazeeka hata siku moja.
Ukutani, ndani ya fremu, Ghaniya
ameegemea gari la zamani,
rangi ya chai ya maziwa.
"Ni mimi huyo, usishangae.
Marehemu ndiye aliyenipiga hiyo.
Sasa hata wa kunipigia kelele sina."

Nikaitika kwa kichwa. Sauti yangu anaijua.
Nikasafisha chujio, nikaziba bomba,
simu yake ikiwa juu ya mto wa kochi, kifudifudi,
na yangu mfukoni nimeizima kama mwizi.
Akanihesabia riali ishirini na tano.
Nikamrudishia tano.
"Mbona?"
Nikaonyesha darini, kana kwamba Mungu ndiye apangaye bei.

Usiku Ghaniya akaandika:
"Leo hapa Salala kuna baridi nzuri."

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika:
"Alhamdulillahi. Jifunike."

Parafujo moja sikuikaza.
Kwa hesabu yangu itashika wiki tatu.