Mawe Uliyoyatupa

Baba, mawe uliyoyang'oa shambani miaka arobaini
ukiyarusha ukingoni kwa laana na kikohozi,
leo nimeyanunua.
Magunia ishirini na mawili. Risiti ninayo.

Cheka, kama huko uliko kuna kucheka.
Walenty Sroka alivunja ndimi tatu za plau kwa jiwe hili,
na sasa bintiye analipia lori lilete jiwe hilohilo,
kilomita sita kutoka machimboni, likiwa limepikwa.

Ndiyo, limepikwa. Tanurini, digrii mia tisa,
mpaka rangi yake ya mtindi
ikageuka nyeupe kavu, chokaa inayouma ulimi.
Nimelionja. Unanijua.
Kisha wakaliponda, punje kama za dengu.

Opoka. Huku kwetu neno hilo ni jiwe,
na ni mtu pia, yule unayemwegemea naye hasogei.
Wewe hukuwa opoka, Baba. Ulikuwa mkarimu.
Ardhi ikiomba kijiko, ulimwaga beseni,
mbolea ikirukaruka kama mvua ya mawe ya Aprili.
"Viazi navyo vina njaa," ulisema.
Viazi vilishiba.
Makombo yakasubiri theluji iyeyuke,
yakashuka nayo, mfereji hadi mfereji,
mpaka bwawani.

Bwawa nalo likala. Likanenepa mwani.
Unaukumbuka mwezi ule wa Julai, maji yamelala kama rangi
iliyosahauliwa ndooni bila kifuniko,
samaki matumbo juu, na mbwa wa Ożóg
aliyekunywa lamba tatu tu
akafia kwenye daraja la mbao?
Ulisimama pale umeshika kofia.
Hukusema kitu. Msimu uliofuata
ulipunguza gunia moja.

Sasa pale mfereji unapoishia nimezika pipa la zege.
Maji yanaingia kwa chini, yanapanda polepole
katikati ya kokoto, kama mtu anayepita sokoni
na kila muuzaji anamshika mkono.
Anapotokea upande wa pili mifuko yake ni mitupu.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Ila walichokibeba maji, jiwe linakizoa.

Dobrawa huja kila Alhamisi na chupa zake mbili,
anaandika kwa penseli kwa sababu wino huganda:
fosfati ya kuingia, kumi na mbili;
ya kutoka, sifuri nukta nane.
Anapiga mstari chini ya nane, mara mbili,
kisha anajifanya hakufurahi.
Mwanzoni maji yalitoka makali kama maji ya sabuni,
yakaunguza majani ya kingoni. Tukapanda matete,
tukayapitisha humo yapoe hasira.

Ożóg ameegemea uzio. "Bwawa zima," anasema,
"utalichuja kwa mtungi wa kokoto?"
Sina jibu. Mwaka huu limekuwa kijani tena.
Dobrawa anasema tope la chini lina akiba yako,
misimu arobaini imekunjwa humo kama mashuka kabatini,
na kila joto likizidi linatoa moja, linatandika.
Si kazi ya mwaka. Huenda si kazi ya umri wangu.

Lakini sikiliza hili, ndilo lililonileta hapa
na mshumaa wa nusu bei na magoti yenye matope.
Jiwe nalo hushiba. Miaka miwili, na halishiki tena.
Nikamuuliza Dobrawa, tulitupe wapi?
Akanitazama kama unavyotazama mtu
anayetafuta miwani aliyoivaa.

Kesho asubuhi, kabla Ożóg hajaamka,
nitapakia toroli. Koleo ni lile lako, mpini mpya.
Chokaa kwa udongo mchachu, na mbolea yako yenyewe,
ile iliyotoroka, imeshikwa punje kwa punje
ndani ya jiwe ulilolichukia.

Nayarudisha mawe shambani, Baba.
Mkono mmoja, si beseni.
Nitakohoa kidogo, upate kujua ni mimi.