Safu ya Matupu

Kila Januari hunirudia lile jedwali:
safu ya tani zilizoingia, safu ya zilizotoka,
safu ya zilizopita njia kwenda Kampala, Kigali, Juba,
na pembeni kabisa, nyembamba kama ufa wa mlango,
safu ya makasha matupu.

Mkuu wangu, Bwana Mwadime, apenda mstari uliopanda.
"Umepanda," asema, akiufuata kwa kidole.
Na kweli umepanda, nimeuchora mwenyewe.
Klinka imepanda. Ngano imepanda.
Mafuta ya kula, yaliyozama mwaka wa ukame wa dola,
yamejikongoja yakarudi.
Mitumba haijui ukame.

Baba alihesabiwa kwa mgongo, hapa hapa Kilindini.
Gunia la kahawa, kilo sitini, ubao, meli,
kisha gunia jingine.
Alirudi Majengo na alama ya katani shingoni
hata mama akamsugua kwa mafuta ya nazi.
Lakini alijua alichokipakia.

Sasa kreni yashuka, yalishika kasha pembe nne,
dakika mbili, limekwenda.
Kumi yaja yameshiba.
Yarudiyo na kitu tumboni ni manne,
mwaka wa neema manne na nusu:
chai, parachichi, magadi, ngozi kidogo.
Mengine twayapakia hewa.
Hewa ya Mombasa, ya chumvi na vumbi la Kipevu,
twaifungia, twaitia lakiri,
twaipeleka Uchina bila kutoza senti.
Wasema debe tupu haliachi kuvuma.
Haya yapita kimya.

Adhuhuri nenda kwa Nyevu, Miritini, kula mbaazi.
Naye ana jedwali lake: mkaa ukutani,
mstari mmoja sahani kumi.
Zamani, malori yalipopanga foleni usiku kucha,
ukuta ulijaa kabla ya Jumatano
akaomba wa jirani.

"Meli zimepungua?" aliniuliza.
"Zimezidi."
"Sasa hao watu wala wapi?"

Treni ikapita juu ya daraja, makasha juu ya makasha.
Alihesabu kwa upawa, midomo ikicheza,
arubaini na moja, arubaini na mbili,
mpaka mchuzi ukamdondokea kanga.
"Humo mna madereva wangapi?"
"Wawili."
"Nao wameshakula?"

Sikuwa na safu ya hilo.

Jioni Bwana Mwadime alinirejeshea karatasi.
Ukurasa umejaa, asema, hii ya mwisho iondoe,
wageni hawaisomi.
Nikapunguza herufi. Nikapunguza tena.
Imekuwa ndogo mno, yataka miwani,
lakini imo:
laki tatu na ushei, mwaka huu,
na chini yake, kwa penseli, ambapo mashine haifiki,
mistari sita ya mkaa.