Simu ya Mkononi

Kibanda changu kiko nyuma ya Sabasaba, Dodoma,
mabati matatu na mwavuli wa kampuni iliyokwisha kufa.
Vumbi ndilo mwajiri wangu:
huingia spika, huziba maiki, hulipa ada ya watoto.

Nafungua kwa bisibisi na mswaki wa zamani,
na wenyewe, wakisubiri, hunitajia majina.
Kitochi, anasema muuza karanga, kwa sababu ya taa.
Kiswaswadu, ananong'ona mwanachuo,
akiificha chini ya daftari.
Mwalimu Hezeroni wa Mvumi hataki mzaha.
Kwake ni rununu,
na ukimuuliza rununu ni nini
atakwambia ni neno la kale, habari ipitayo chinichini,
kisha atashusha sauti, kama vile neno limemsikia.

Zamani tuliiita kilongalonga.
Mjomba alikuwa nayo moja, nzito kama tofali bichi,
akipanda nayo mlimani kutafuta mtandao,
akishuka na habari za jana.
Kulonga, kwetu Wagogo, ni kusema tu.
Basi ile ililonga, ikalonga, mpaka chaji ikaisha.

Reli mpya ilipokuja ilikuja na watu wake.
Mpimaji Mturuki akaupigapiga mfuko wa suruali: jep!
Kwao simu ni ya mfukoni, na mfuko umemeza jina.
Mchina akafungua kiganja: shouji, mashine ya mkono.
Daktari Mjerumani akasema handi,
nikadhani ni Kiingereza,
kumbe Waingereza wenyewe hawaitambui.
Na dereva wa lori, mtu wa Durban,
simu yake imekunywa mvinyo wetu wa zabibu,
alitamka neno refu kuliko tela lake:
umakhalekhukhwini,
kile kinacholilia mfukoni.
Nilimwomba arudie mara tatu.
Nikawaza mtoto mchanga, usiku, mama yuko safari.

Mwezi Machi akaja binti wa Aislandi,
mtafiti wa maji yachemkayo ardhini.
Akasoma kibao changu: SIMU.
Nani kakuandikia kikwetu? akauliza.
Kwao ni simi, neno la mababu, na maana yake uzi.
Letu, nikamjibu, nasikia ni la Waajemi,
na maana yake waya.
Tukatazamana kama ndugu waliokutana msibani.
Hakuna undugu, akasema, ni masikio tu yamegongana.
Hata hivyo nilimpunguzia elfu mbili.

Kwenye benchi alikuwapo Bibi Foibe Mlewa wa Gulwe,
betri yake imevimba kama andazi.
Umesema simu maana yake nini?
Waya, Bibi.
Akapandisha kitenge mpaka kwenye kiwiko.
Bangili: mizunguko saba ya waya mweusi,
umesuguliwa na ngozi hadi ukang'aa.
Bibi yake aliukata kwenye nguzo za reli
mwaka ambao Mjerumani na Mwingereza
waligombania nchi isiyo yao.
Siku ile Gulwe haikusema na Dodoma.
Mnyapara alitafuta nyumba kwa nyumba,
akapekua vihenge vya mtama,
hakufikiria kutazama mikono ya wasichana.

Huenda ulikatwa katikati ya neno.
Huenda sentensi ya mtu bado imo humo,
inazunguka, inatafuta kituo.
Hayo nayawaza mimi. Yeye alicheka tu:
Basi mimi nina simu ya mkononi tangu kipaimara,
na sijawahi kununua vocha.

Nikambadilishia betri.
Akafungua fundo la khanga, akahesabu noti,
bangili ikagonga meza, ngi, mara moja,
na mimi, fundi wa miaka kumi na tisa,
nikapapasa mfuko wangu.