Nane Katika Mia

Shangazi Mize anasema mizani ya kituo inaiba.
Hasemi "huenda". Anasema inaiba,
kama asemavyo makonyo si karafuu,
huku anachambua jamvini, vidole vyeusi,
na ua zima pale Mtambwe linanukia utajiri wa watu wengine.

"Wewe ndiye uliyesomea hesabu za kubahatisha.
Haya basi. Bahatisha."

Nikaenda Wete kuazima jiwe la kilo tano,
jiwe la skuli, limevishwa kitambaa kama mtoto mchanga,
nikamwomba ruhusa Faki Shoka, mpimaji.
Akanitazama. "Pima, mwanangu. Pima mpaka uchoke."
Mwizi husema hivyo? Mwema husema hivyo?
Wote wawili husema hivyo. Ndiyo maana nilikuja na daftari.

Ukurasa wa kwanza, kabla sijagusa kulabu,
niliandika kwa wino:
Dhana ya kuanzia: mizani haina kosa.
Si kwamba naamini. Ni adabu tu ya mahakama:
mshitakiwa huingia akiwa msafi,
na uchafu, kama upo, uje kwa miguu yake.
Chini yake: nitatazama pande zote mbili,
kupunja na kuzidisha,
ingawa tangu mikarafuu ipandwe kisiwani
sijasikia aliyelalamika kwamba kituo kimemzidishia.

Mara thelathini nikalipandisha, nikalishusha.
Sindano ikatetemeka, kila mara ikatua pake:
pungufu, ziada, pungufu,
pungufu.
Wenye magunia nyuma yangu wakaguna.
Wastani: gramu kumi na nne hazionekani.

Shangazi akajipiga kofi pajani. "Si nilisema!"
Ngoja, nikamwambia.
Sindano inayotetemeka hupoteza hata pasipo mwizi.
Swali ni hili: lau mizani ingekuwa safi,
nami nikarudia kazi hii, thelathini thelathini, mara mia,
ni mara ngapi bahati peke yake
ingenitupa mbali na kilo tano kama leo, au zaidi, huku au kule?
Nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu.
Mara nane.
"Na ili mtu atiwe hatiani?"
Zisizidi tano.
"Tano kaiweka nani?"
Nikanyamaza. Kisha nikasema: mazoea.
"Basi karafuu yangu imeliwa na mazoea."

Usiku ule shetani alikaa kwenye ncha ya kalamu.
Futa "pande zote mbili", akaninong'oneza, andika "upande mmoja":
nane itagawika, itakuwa nne,
nne iko chini ya tano,
na Faki Shoka kesho hana kazi.
Jiwe lile lile. Namba zile zile. Maneno mawili tu.
Lakini wino ulikuwa umekauka tangu asubuhi,
na mwezi ukishauona
huwezi tena kujidai ulitabiri utaandama lini.

Nikaandika: ushahidi hautoshi kuikataa dhana.
"Maana yake mizani ni safi?"
Hapana.
"Maana yake inaiba?"
Hapana.
"Kwa hiyo umekwenda Wete ukarudi na jiwe begani
uniletee hapana mbili."

Ndipo akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mlango wa jiko.
Mistari ya chaki, safu juu ya safu, misimu kumi na tisa:
kila siku aliyopunjwa, mstari.
Mia mbili na ushei. Moyo ukaniruka. Sampuli!
Nikauliza: na siku ambazo hukupunjwa, umezichora wapi?

Akautazama mlango kitambo.
Nje mtu alikuwa anakunja jamvi mbiombio,
wingu limejitokeza upande wa Ole.
"Siku hizo," akasema, "nililala mapema."

Nikampa chaki nzima.
Hakuchora kitu. Aliichomeka sikioni kama seremala,
akatoka kusaidia kuzoa karafuu kabla ya mvua.