Nauza Kusimama

Kazi yangu ni kusimama.
Juzi, saa kumi alfajiri, mtaa wa arobaini na tano, New York,
Februari ikiuma masikio hata chini ya kofia mbili,
niliegemea ukuta wa ukumbi wa maonyesho
kwa niaba ya Bwana Pruitt, aliyelala.
Dola ishirini kwa saa. Yeye alale, mimi nisimame,
usingizi wake uingie kwenye hesabu yangu.

Mchezo unaitwa Malkia wa Vifungo.
Nyimbo kumi na tisa, viti vimekwisha hadi Juni,
ila kila asubuhi saa nne dirisha hufunguliwa:
tiketi ishirini na nne za siku hiyohiyo, bei ya huruma,
na aliyewahi kawahi.

Nilikuwa wa saba.
Wa sita Delphine, dereva mstaafu wa basi,
ameuona mara kumi na moja,
kiti chake cha kukunja kina hadi tundu la kikombe.
Wa nane Wendell, kijana wa Ohio, raba za kitambaa kwenye theluji.
Nilimpa gazeti akanyagie.

Foleni ina sheria ambazo hakuna aliyeziandika.
Ukienda haja, begi lako linabaki kuwa wewe.
Anayelia saa kumi na moja haulizwi.
Na anayedai ana rafiki huko mbele
tunamtazama sote, kimya,
mpaka akumbuke kwamba rafiki hana.

Delphine aliniimbia wimbo wa pili
kwa sauti ileile ya kutangaza vituo.
"Hujauona? Kweli?"
Miaka miwili niko nje ya kuta hizi.
Matofali nayajua kwa mgongo.
Kwetu Tanga walinifunza mvumilivu hula mbivu;
hawakuniambia mbivu nayo ina mwenyewe,
yuko kitandani, kengele ameitega saa tatu.

Saa nne kasoro dakika kumi simu ikatetemeka:
*Mke wangu ana homa. Usinunue. Pesa nimetuma. Pole.*
Hiyo pole niliisoma mara mbili.

Nikabaki na nafasi isiyo na mwenyewe.
Ningeweza kwenda kulala; saa nane nilikuwa na foleni nyingine, ya viatu.
Dirisha likafunguka. Mwanamke wa miwani hakuinua uso.
"Ngapi?"
Swali dogo. Sikuwahi kulijibu kwa niaba yangu.
"Moja," nikasema, kama mtoto aliyeitwa jina darasani.
Dola arobaini na tano:
saa mbili na robo za kusimama
ili niketi.

Jioni nikaketi.
Kiti chekundu, laini, kina pa kuegemeza viwiko.
Joto likanipanda toka vidoleni kama maji kwenye utambi.
Taa zikazimwa, pazia likapanda,
nikaona kiwanda, nikaona mwanamke,
nikaona kifungo kimoja cha dhahabu kikibiringika jukwaani

na nikaamshwa na makofi.
"Mapumziko," alisema Delphine. "Ulianza kukoroma wimbo wa pili.
Nimekuziba kwa skafu."

Nusu iliyobaki niliiona yote.
Nililia pale wenzangu walipocheka,
maana sikujua nani alimkosea nani.

Leo niko nje tena, wa nne, kwa niaba ya mama mmoja wa Boston.
Binti nyuma yangu kauliza: unahusu nini hasa?
Nikamsimulia. Mwisho, kama nilivyouona.
Mwanzo nikautunga palepale, mvuke ukinitoka mdomoni,
nikampa yule mwanamke dada, deni, na jino bovu,
na kifungo nikakiacha kinabiringika.
Wa sita akavua kofia asikie vizuri.
Foleni ikasogea,
na dirisha bado limefungwa.